Pindo la Vidole Viwili

4 Agosti

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama dukani. Msimu wa Diwali umeanza, na wateja wanatufunulisha sari kumi ili wanunue ile ya kwanza waliyoikataa.

Mwaka huu nakupa sari ya hariri, usibishe. Ndani ya bahasha kuna vipande vitatu: kijani, machungwa na damu ya mzee. Chagua rangi, mfumaji wetu aanze kazi.

Mwanao, Chiriku

15 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Goti ni lile lile, linapanda ngazi huku linanung'unika.

Vipande nimeviona. Umesahau kuwa mama yako ni mjane? Tangu baba yako atutoke, huu mwaka wa sita, navaa nyeupe, na shangazi yako hakosi kunikagua. Yeye naye mjane, ana miaka kumi na moja katika nyeupe na hajawahi kuonekana hata na doa la chai. Kwa hiyo nyeupe. Sitaki kuwa kichekesho cha hekalu zima, mtu mzima mimi.

Labda pindo tu, la vidole viwili, maana nyeupe tupu huchafuka upande wa chini. Rangi ya pindo chagua wewe, mimi sijali.

Mama yako

Nimesahau: isiwe kijani. Wala machungwa.

26 Agosti

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nimeagiza nyeupe, pindo la damu ya mzee, vidole viwili. Mfumaji anapanga nyuzi wiki hii.

Chiriku wako

5 Septemba

Mwanangu,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Kama mfumaji hajafika mbali, mwambie vidole vinne. Si urembo. Siku ya Diwali taa za mafuta hupangwa chini, na masizi hupanda kwenye nguo, sasa rangi nzito itayaficha. Halafu, hivyo vidole ni vya nani? Kama ni vyake, huenda ni vyembamba. Mwambie shubiri moja, tusipunjwe.

Mama yako

14 Septemba

Mama,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Mfumaji alikuwa ameshapanga nyuzi. Amezifumua zote, akaanza upya. Sasa ni shubiri moja juu na shubiri moja chini.

Chiriku

22 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nina blauzi za watu arobaini za kushona kabla ya sikukuu, na karibu zote nyekundu. Nyuzi zinaniganda kwenye nyeupe hadi naonekana kama nimetoka kupigana na jogoo. Umeona mwenyewe nyeupe inavyonitesa. Mwambie mfumaji pindo liwe dhiraa moja na vidole vinne. Na wewe usimcheke mama yako.

Mama

30 Septemba

Mama,

Shikamoo. Sijacheka, nimejikaza. Mfumaji amekuja dukani mwenyewe na tepu yake. Kaniambia, "Dada, nikifuma hivyo juu na chini, nyeupe inabaki vidole viwili katikati. Hii bado ni sari nyeupe yenye pindo? Niambie tu, nijue ninachofanya."

Na mimi nakuuliza, Mama. Kama unataka sari ya damu ya mzee, sema. Hakuna atakayekufunga.

Mwanao

7 Oktoba

Mwanangu,

Mwambie mfumaji vidole viwili vya nyeupe ni nyeupe, na asipunguze hata uzi mmoja.

Baba yako ndiye aliyekuwa akininunulia sari ya Diwali. Hakujua kuchagua, maskini. Miaka ishirini mfululizo aliniletea damu ya mzee, na kila mwaka alidhani ni rangi mpya. Nilikuwa nanung'unika hadi jirani wanasikia. Sasa natamani angekuwepo ninung'unike tena. Naogopa, mwanangu. Naogopa wifi yangu ataiona sari hii aseme nimemsahau kaka yake, kumbe ndiyo namkumbuka.

Mama yako

9 Novemba

Mama,

Shikamoo. Uko salama kweli? Diwali imepita siku kumi na moja. Posta wanasema mzigo wa sari ulichukuliwa mapema, na mimi sijapata hata mstari mmoja. Shangazi amekusema mbele za watu? Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuchokoza. Niambie, nimwandikie mwenyewe.

Mwanao, Chiriku

18 Novemba

Mwanangu Chiriku,

Nisamehe kimya. Shangazi yako yuko kwangu tangu Diwali, na kila nikishika kalamu anasomea begani. Leo amekwenda kuoga, ndipo naandika.

Niliingia hekaluni nimeinamisha kichwa. Watu walinitazama, sikudanganyi. Shangazi yako akanijia moja kwa moja, akashika pindo, akaligeuza ndani, akakagua ufumaji. Mimi nasubiri tu radi ipige. Akasema, "Damu ya mzee tena. Huyu kaka yangu hata akifa habadilishi." Tukacheka, halafu tukalia, wazee wazima, mbele ya taa, masizi yakatupata wote.

Jana ameniuliza kama mfumaji wako ni mtu wa heshima. Anataka sari nyeupe kabisa, maana yeye si mtu wa rangi. Pindo tu, la vidole viwili.

Mwambie mfumaji asipange nyuzi kwanza.

Mama yako