Dakika za Filamu ya Mama

Mdogo wangu,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi minane. Sikuwa na la kukuambia. Studio ingali wazi, na paa limeacha kuvuja.

Umeomba picha ya mwisho ya Mama. Nilimpiga picha kitandani, chumba kikiwa na giza, na kamera ilikuwa na filamu ya mia, ambayo hufaa juani. Alicheka: "Nipige nikiangalia mlangoni, yule mtoro asije akasema sikumngoja."

Hukuja, hata kumzika.

Filamu sijaisafisha, nayo husafishwa mara moja tu. Ikikaa kwenye dawa dakika kumi na tano, uso wake utatokea. Ikikaa saba, kama kawaida, utapata giza na kipande cha mto. Nikishaamua dakika, nitakuandikia.

Kaka yako