Siku Tisa za Kibali cha Baba

Bonde la Sorrel, Utah
Oktoba 9

Kaka yangu mpendwa Kimball,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Alaska, na ule mkono ulioumia kazini umeshapona. Sisi huku hatujambo. Ng'ombe wameshuka wote kutoka mlimani isipokuwa wawili wakaidi, theluji ya kwanza imegusa vilele, na Baba anakula vizuri. Najua unangoja habari moja tu, na najua yule mpenda umbeya wa mjini, LaVar Stubbs, ameshakupigia simu akakupa habari yake. Iweke hiyo kando kwanza, usome ya kwangu mpaka mwisho.

Unakumbuka nilivyokwambia mwezi wa Mei kwamba Baba amepata kibali cha kuwinda dume la elki, wale kulungu wakubwa wa mlimani. Miaka ishirini na minne aliomba akakosa; mara ya kwanza Mama alikuwa bado hai. Mwaka huu vibali vilikuwa vinne tu kwa mlima mzima, na ukishapata huruhusiwi kuomba tena mpaka miaka kadhaa ipite. Kwa mtu wa miaka sabini na tisa, basi ni mara moja. Aliisoma ile karatasi akiwa dirishani, ameisogeza karibu na pua, nami nikadhani ni furaha.

Siku tuliyokwenda kununua risasi, LaVar alimtania mbele ya watu. "Verl, juzi umeusalimia mlingoti wa bendera. Huyo elki utamwonaje?" Baba akamjibu palepale, "Wewe mbona nakuona, LaVar, na kila siku nadhani ni nyumbu." Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, na kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Kazi ya kumtafuta mnyama niliifanya mimi. Kuanzia Julai, kila Jumamosi nilimpanda farasi wangu kabla jua halijatoka, nikakaa miambani na darubini. Nikahesabu majike, nikafuata nyayo, nikanusa matope waliyogaagaa. Mwishoni mwa Agosti nikamwona. Kimball, sijawahi kuona dume kama yule. Pembe zake zilikuwa na matawi saba kila upande, na alipoinua shingo zilimfika karibu na mkia. Alikuwa akitoka msituni asubuhi na kunywa kwenye Chemchemi ya Mabati, halafu anapanda tena juu kulala. Jioni Baba alinihoji kama polisi: upepo ulitoka wapi, majike walikuwa wangapi, alisimama wapi kabla hajanywa. Nilipompa darubini twende wote, alikataa. Alisema, "Tazama wewe, macho yako bado mapya." Nami niliona ananisifu.

Msimu ulifunguliwa Jumamosi. Kibali kilikuwa cha siku tisa, ambazo kwa Baba ni saba, maana Jumapili hawindi. Tukapiga hema chini ya misonobari. Jumamosi na Jumatatu tulisikia mlio wa dume yule ng'ambo ya bonde, ule mluzi mrefu unaokwaruza mwishoni, lakini hakujitokeza. Jumanne ikanyesha barafu. Baba hakulalamika hata mara moja. Alikaa juu ya jiwe lake, bunduki mapajani, akisikiliza.

Jumatano nilimwacha pale kwenye jiwe nikazunguka upande wa pili wa bonde kuangalia kama mnyama amehama. Niliporudi hemani nilimkuta Baba amechangamka kama kijana. Aliniambia alikuwa naye kabisa. Dume alitokea ukingoni mwa msitu, mwendo wa mita mia tatu, akasimama akimtazama usoni. Akaweka kidole kwenye kifyatulio. "Nikawa namngoja ageuke ubavu," alisema. "Angegeuka tu, tungekuwa tunachuna ngozi sasa hivi." Kisha, akasema, pakawaka kitu kama rangi machoni mwake, naye akapotea. Nilimpa maharage, nami nikaenda kukaa mbali na moto. Akaniambia nisogee motoni, nisije nikapata homa.

Tangu hapo sikuondoka ubavuni mwake. Nilisingizia kifundo cha mguu. Alhamisi na Ijumaa tulikaa bega kwa bega, nami nilikuwa naomba, Mungu anisamehe, kwamba mnyama asije.

Jumamosi, siku yake ya mwisho, akaja.

Jua lilikuwa limegusa tu vilele. Alitoka msituni peke yake, akashuka taratibu mpaka kwenye chemchemi, hatua thelathini kutoka kwetu, upepo ukitoka kwake kuja kwetu, asiipate harufu yetu. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa udongo. Nakuandikia hilo ili ujue kwamba hata kama risasi ingekosa, isingempata mtu. Baba alisikia kwato kwenye mawe, akainua bunduki. Mtutu ukaenda kushoto, ukarudi kulia, ukashuka, kama ufunguo unaotafuta tundu gizani. Dume amesimama ubavu wazi. Baba akaninong'oneza, "Yuko wapi?"

Ningeweza kumwambia. Kushoto kidogo, Baba, inua, hapo. Miezi mitatu nilikuwa nimefanya kazi hiyohiyo, ya kumwambia yuko wapi. Badala yake nikasema, "Ameondoka, Baba."

Hakuishusha bunduki. Aliinamisha sikio. Kisha akaniuliza polepole, "Basi anayepumua pale ni nani?"

Akatoa risasi bundukini bila kelele, akaiweka kiganjani mwangu, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake. "Nisimulie," akasema. Nikamsimulia kwa kunong'ona: mvuke unaotoka puani, tope lililokauka kifuani, kovu jipya begani, pembe zilivyo nyeusi mpaka karibu na ncha, na ncha zilivyo nyeupe. Alikuwa akiitikia kwa kichwa. Dume alikunywa, akatutazama, akapanda zake mlimani.

Baadaye akaniuliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu Jumatano. Akauliza kwa nini Jumatano. Nikamjibu kwamba niliona tu anavyopapasa kamba za hema. Aliridhika, au alijifanya ameridhika. Mjini amewaambia watu kwamba alisinzia, mnyama akampita. Ndiyo hiyo LaVar anayoisambaza.

Sasa sikiliza, kaka, jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumatano hapakuwa na dume ukingoni mwa msitu. Nilikuwa mimi. Baridi ilikuwa imenizidi, nikavaa lile koti la kahawia la Mama juu ya kizibao changu cha rangi ya chungwa cha kumwonyesha mwindaji kwamba huyu ni mtu, jambo ambalo Baba alitufundisha tusilifanye kamwe. Kosa hilo ni langu. Nilitoka mitini, nikainua darubini nimtafute juu ya jiwe lake, nikaona duara jeusi la mtutu, na nyuma yake shavu lake limelala kwenye bunduki. Upepo ungeimeza sauti yangu. Moyo uliniambia geuka ukimbilie mitini, na mguu mmoja ulikuwa umeshaanza kugeuka. Sijui nini kiliuzuia. Nilisimama nikafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. Vilikuwa vinne, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Cha tatu kilikataa, nikaling'oa koti pamoja nacho. Hapo ndipo mtutu uliposhuka.

Ile rangi iliyowaka machoni mwake ilikuwa kizibao changu. Na yule aliyekuwa anamngoja ageuke ubavu alikuwa mwanawe.

Usimwambie. Akijua, hataomboleza macho tena. Ataomboleza kile ambacho hakikutokea, mpaka afe. Lakini siwezi kukibeba peke yangu, na hakuna mwingine wa kumpa nusu ila wewe. Omba likizo, uje kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Tarehe ishirini na sita nampeleka kwa daktari wa macho, na amekubali bila ugomvi.

Anakusalimu sana. Sasa hivi yuko jikoni anamenya viazi kwa kupapasa, na ameniambia nikuandikie kwamba bunduki ni yako ukiitaka. Farasi wako mzee naye hajambo. Jitunze kwenye barafu, na Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako,
Nedra