Koku Apata Mwenzake

Kamachumu, Jumatano. Mvua imepiga tangu alfajiri, sasa imeacha, na migomba bado inadondosha maji. Jamani, leo moyo wangu mwepesi!

Jumatatu naanza kufundisha kisomo cha watu wazima. Akina mama wa kijiji wananingoja tangu nijifungue. Shida ilikuwa Koku wangu. Amekulia ndani ya kibanja hiki, migomba kila upande, hajui sura nyingine ila yangu na ya baba yake. Akiona mgeni analia mpaka sauti inamkauka. Mume wangu alishasema, "Asipozoea watu, hilo darasa lisahau."

Iliniuma sana.

Ndipo jirani yangu Ma Adela akajitolea kukaa naye, ila kwanza tumzoeze na mwanawe, Muganyizi. Mwanamke huyu ana moyo! Juzi alitandaza nyasi mpya sakafuni kwake, tukawakalisha watoto wakitazamana. Koku akaangua kilio, nami nikataka kumnyakua.

"Mwache amtazame, si uko hapa hapa?" Ma Adela akasema, huku akiendelea kumenya ndizi zake. Mimi subira hiyo sina. Jana Koku akathubutu kumgusa mwenzake pua.

Leo Muganyizi alikuwa anamung'unya ndizi mbivu, imelowa mate chapachapa. Akamnyooshea Koku. Koku akapokea, akang'ata, akamrudishia!

"Yesu wangu, mate!" nikaruka.

Ma Adela alicheka mpaka akashika mbavu. "Tulia wewe. Wazee wetu walitafuna kahawa pamoja, wakawa ndugu wa omukago, wa kuchanjiana, mpaka kufa. Hawa wamekula omukago wa ndizi. Utawatenganisha?"

Kisha akanifukuza nje, eti nikaangalie kuku. Nikajibanza nyuma ya mlango, nikingoja kilio. Kimya. Halafu kicheko. Nikachungulia: Koku kamkamata Muganyizi shati, anamvuta, wala hanitafuti.

Nimeiombea siku hii kwenye kila rozari. Imefika, na aliyelia ni mimi, pale pale mlangoni, kama mjinga.

Ma Adela, Mungu akuzidishie. Jumatatu nitakwenda kufundisha. Koku ataweza, nimeona kwa macho yangu. Je, mimi nitaweza kukaa asubuhi nzima bila yeye?