Binti wa Fundi wa Daraja la Pangani

Dada Nakunda, shikamoo.

Leo nimeteremka kutoka Same hadi Mto Pangani, kwenye lile daraja alilojenga baba. Vyuma vimeliwa na kutu, malori hayapiti tena. Mama mmoja mzee, muuza samaki, anakumbuka walivyokuwa wakivuka kwa mtumbwi kabla mafundi hawajaja.

Nilipomwambia kuwa baba yangu ndiye aliyelijenga, akapiga kofi: "Yule fundi Mpare! Kila akila kwetu alimsifia bintiye Nakunda. Ndiye wewe?"

Mimi hakunitaja hata mara moja, na nilishazaliwa! Niliona wivu. Nikamjibu, "Ndiyo, mama, ndimi."

Akanikumbatia huku analia, akanipa perege mkubwa wa kukaanga. Nimemla peke yangu mpaka kichwa, dada, na alikuwa mtamu kwelikweli.

Mungu akutunze. Nakupenda hivyo hivyo.

Mdogo wako, Naetwe