Washa Niliyoiangusha Ndani ya Jenereta

Ijumaa, Januari 2015

Asubuhi ukungu ulitanda huku Dubai Investments Park mpaka maghala ya ng'ambo ya barabara yakapotea. Kufikia saa saba mchana jua lilikuwa limeshautawanya, na hewa ikabaki na ubaridi ule unaotufanya sisi watu wa Voi tutafute sweta. Sasa usiku umeingia. Nimeoga mara mbili na mikono bado inanuka vanishi.

Nina aibu. Na nina furaha fulani ambayo sijui kama ninastahili kuwa nayo.

Wanaonisoma mara kwa mara wanajua habari za Bibi. Kwa wageni: Bibi ni kichwa cha treni cha dizeli, kizee, chenye rangi ya kijani iliyobabuka. Arbab mmoja, ndivyo huku tunavyomwita bosi, Mwarabu wa hapa ambaye hukusanya magari ya zamani, alikinunua ng'ambo kilipokuwa kinangoja kukatwakatwa kiwe chuma chakavu. Kimekaa uani nyuma ya ghala lake, juu ya kipande kifupi cha reli, ng'ambo ya ua wa hosteli yetu ya wafanyakazi. Siku sita za wiki napiga pasi na kukunja mashuka ya mahoteli kwenye kiwanda cha dobi. Ijumaa ni ya Bibi.

Sikuenda kule kwa kupenda mashine. Mwaka juzi, nikipita kwenda dukani, nilimsikia mlinzi wa geti la ghala hilo akiongea Kiswahili kwenye simu, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Ndiye kaka Swaibu, Mganda wa Jinja. Yeye ndiye aliyenitambulisha kwa Ami Seif, fundi umeme wa lifti, mzaliwa wa hapahapa Dubai ambaye wazazi wake ni watu wa Unguja. Na Ami Seif akanipeleka kwa Anko Varghese.

Anko ni Mhindi wa Kerala. Ana miaka sitini na mitano, miguu yake myembamba, na hufunga miwani yake kwa uzi wa viatu. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye karakana ya reli Morogoro, na Kiswahili alichotoka nacho huko bado anacho, kimechakaa kidogo kama viatu vya kazini. Siku ya kwanza aliniambia, "Onyesha mkono." Nikanyoosha. Akauangalia kiganja changu, akaupima kwa chake, akasema, "Mkono mdogo. Hii ndiyo sisi natafuta."

Maana dizeli ya Bibi haisukumi magurudumu yenyewe. Dizeli inazungusha jenereta kubwa kama pipa la maji, jenereta inatoa umeme, na umeme ndio unaozungusha magurudumu. Jenereta ikifa, Bibi ni sanamu. Na madirisha ya kuingiza mkono ndani ya jenereta ni madogo.

Kwa Ijumaa nyingi, bila mtu yeyote kulipwa, tumeisafisha jenereta hiyo. Tumekwangua grisi iliyoganda kama lami. Tumeikausha unyevu kwa taa za joto, Ami Seif akipima kila wiki na kutikisa kichwa, mpaka Ijumaa moja hakutikisa. Mimi nilipewa kazi ya kukwangua mifereji myembamba katikati ya vipande vya shaba kwa ubapa wa msumeno uliokatwa, mfereji mmoja mmoja, kama mtu anayesafisha meno ya chanuo refu lisilokwisha. Nilikuwa naimba nikifanya. Sijawahi kuimba dobini.

Anko ana sheria moja. Kila kinachoingia ndani ya jenereta kinaandikwa ubaoni kwa chaki, na kikitoka kinafutwa. Bisibisi, kitambaa, nati, kila kitu. Ubao ukiwa mtupu ndipo tunafunga.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nafunga vishikio vya brashi za kaboni, vile vijipande vinavyosugua shaba na kuupitisha umeme. Washa moja, kile kiduara chembamba kinachokaa chini ya nati, iliniponyoka. Nilisikia ikigonga chuma mara mbili, kisha kimya. Nikapapasa, sikuipata. Nyuma yangu Anko alikuwa akimweleza Arbab, kwa fahari, kwamba binti huyu ana mkono wa fundi.

Nikachukua washa nyingine kwenye kopo, nikaifunga mahali pake. Nikafuta ubao.

Nilidanganya. Sina neno jingine.

Wiki nzima nilijiambia kwamba pengine ilidondokea nje, chini ya sakafu, isiyo na madhara. Dobini nilikunja mashuka vibaya mpaka supavaiza akaniuliza kama ninaumwa. Kilichonitesa si washa peke yake. Kampuni ya Anko imemaliza mkataba wake, viza imefutwa, na kesho alasiri anarudi kwao moja kwa moja. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumwamsha Bibi, kwa sababu yake. Ningesema, ningemnyima siku hiyo. Nisingesema, huenda ningeua jenereta mbele ya macho yake.

Tulikutana baada ya swala ya Ijumaa. Anko alikuwa ametoka kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na juu yake ovaroli. Arbab alileta kahawa na tende, akakaa kwenye kiti cha plastiki kama mtu aliyekuja harusini. Betri zilikuwa zimejaa chaji. Mpango ulikuwa umeme wa betri uizungushe jenereta, nayo ivute injini ya dizeli mpaka iwake.

Ami Seif akashika waya wa mwisho. "Bismillah," akasema.

"Ami, ngoja," nikasema.

Nilidhani nimepiga kelele, lakini Swaibu anasema hata yeye aliyekuwa karibu hakunisikia vizuri. Nikarudia. Nikawaambia yote, habari ya washa, ya kopo, ya ubao. Nilisema nikiutazama mguu wa kiti cha Arbab.

Ami Seif aliweka waya chini taratibu. "Wiki nzima umekaa nalo hili, Mkawasi?"

"Ndiyo, Ami."

"Na namba yangu ya simu unayo?"

"Ninayo."

Angenifokea ningeona afadhali.

Anko alivua miwani, akaifuta kwa kola ya shati lake jeupe, akaivaa tena. Halafu akakunja mikono ya ovaroli. "Fungua," akasema. "Fungua yote. Seif, toa waya ya betri kabisa. Swaibu, leta tochi."

Kwanza tulitumia sumaku iliyofungwa kwenye waya, na hatukupata kitu. Ndipo Anko akauliza ilikuwa washa ya namna gani. Nikamwambia ya shaba njano. Akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Shaba haiko rafiki ya sumaku. Sisi tatafuta kwa macho."

Swaibu na Ami Seif walikuwa wakiuzungusha mtambo kwa mtaimbo, upana wa kidole kwa kidole, huku mimi nimelala kifudifudi, mkono mmoja ndani, mwingine umeshika kioo kidogo cha kujipodolea. Anko alimulika tochi kupitia juu ya bega langu. Kila dirisha tulitazama juu, chini, kushoto, kulia. Mashati yalilowa ingawa kulikuwa na baridi. Arbab hakuondoka. Alikunja kanzu yake mpaka magotini, akaanza kutushikia taa.

Ilikuwa karibu saa kumi na moja nilipoiona kiooni. Ilikuwa imekaa kwa chini, imejibana kati ya koili, ule msokoto wa nyaya, na chuma cha kando, ukingo wake mmoja umechungulia kwenye ule mwanya mwembamba ambamo sehemu inayozunguka hupita.

Anko alitazama muda mrefu. "Kama leo sisi nawasha," akasema, "hii nakata koili kama kisu."

Niliichovya ncha ya waya kwenye grisi nzito, nikaigusisha washa, ikanasa, ikadondoka. Mara ya tano nikaitoa. Nikaiweka kwenye kiganja cha Anko, na hapo machozi yakanitoka.

"Nyabo, usilie," Swaibu akasema, akitumia neno la heshima la kwao. "Imetoka. Si imetoka?"

Lakini ilikuwa imeacha mchubuko juu ya koili, mrefu kama ukucha, na vanishi ya kinga ilikuwa imebanduka. Arbab aliutazama mchubuko huo, akamtazama Anko. Akasema kwa Kiingereza kwamba ni kitu kidogo, khalas, basi, tuwashe dakika moja tu, Anko asikie, halafu turekebishe baadaye. Alisema kwa upendo. Ami Seif akautazama ule waya wa betri, nami nikajua na yeye anatamani hivyo.

Anko alitikisa kichwa. Akaomba kopo la vanishi na brashi ndogo, akanipa mimi nipake. Vanishi inataka siku kadhaa kukauka, na taa za joto juu yake. Maana yake Ijumaa ijayo.

"Bibi nalala miaka mingi," akasema. "Wiki moja si kitu."

Kwa Bibi si kitu. Ijumaa ijayo Anko hatakuwepo.

Wengine walipokwenda kuswali Maghrib, tulibaki wawili, tumeketi kwenye ngazi ya Bibi. Nilijaribu kuomba msamaha, nikawa narudia neno lilelile. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema yeye pia ana kitu, na kwamba atakisema kwa Kiswahili kwa sababu kilitokea kwa Kiswahili.

Nakiandika kwa ruhusa yake. Majina ya watu wote humu nimeyabadilisha, isipokuwa langu.

Wakati huo Anko alikuwa na miaka ishirini na sita. Alifanya kazi na fundi mmoja, Athumani, aliyemfundisha kula ugali kwa mkono na kutofautisha sauti ya jenereta nzima na mbovu. Siku moja Anko aliingiza mkono kuifuta jenereta, akafunga kifuniko, akasahau kitambaa ndani. Alikumbuka akiwa nyumbani. Akaona haya kurudi kusema, yeye bwana injinia kijana. Siku mbili baadaye ile jenereta iliungua, treni ikiwa katikati ya mlima, abiria wamejaa. Hakuna aliyekufa. Lakini kadi ya kazi ilikuwa na sahihi ya Athumani, na Athumani akafukuzwa.

"Alikuja aga mimi," Anko akasema. "Alinipa mayai sita. Alisema, bwana, hata mimi sijui nilikosea wapi."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Mimi nilisema asante kwa mayai."

Uani taa za ghala ziliwaka moja moja. Hakunipa mawaidha yoyote, wala hakusema kwamba nimefanya vizuri. Alitazama mikono yake tu, iliyojaa grisi mpaka kwenye mistari ya viganja, akasema kwamba leo, niliposema "ngoja", alikumbuka kitambaa kile.

Kisha akaniomba kitu. Kiswahili anakisema lakini hajawahi kukiandika. Je, ningemwandikia barua? Hajui kama Athumani yu hai. Ami Seif ana shemeji yake Morogoro ambaye anaweza kuuliza kwenye nyumba za zamani za reli. Kama mwenyewe hayupo, basi wapo watoto. Wajue baba yao hakukosea.

Nilitoa simu, akasema nami nikaandika, mpaka wenzetu waliporudi. Alikuwa akisimama na kutafuta neno. Mara moja aliuliza, "Mtu akibeba kosa ya mtu mwingine, nyinyi nasema aje?" Nikamwambia tunasema alisingiziwa. Akalirudia mara mbili taratibu, kama mtu anayejaribu kama nati imekaza.

Tukaagana getini. Ami Seif alimkumbatia Anko muda mrefu, halafu akanigeukia. "Ijumaa saa nane, Mkawasi. Na ubao utauandika wewe." Nilidhani sitaruhusiwa tena kulisogelea lile dirisha. Niliitikia kwa kichwa.

Anko aliingia kwenye gari la Arbab. Hakugeuka kumtazama Bibi. Swaibu anasema aligeuka. Labda mimi ndiye niliyekuwa sitazami.

Sasa nimekaa kitandani, wenzangu chumbani wanaangalia filamu kwenye simu, na mbele yangu nina karatasi safi. Barua ya namna hii haifai kuchapwa. Nimeamua kuinakili kwa mkono, kwa herufi kubwa, kwa sababu Athumani kama yupo macho yake ni ya mzee. Kesho alfajiri, kabla ya zamu yangu ya dobi, naipeleka kwa Anko aitie sahihi, kisha alasiri atakwenda uwanja wa ndege.

Nimekwama mstari wa kwanza. Anko alisema niandike "Rafiki yangu Athumani". Ndivyo alivyotamka, sina haki ya kubadilisha. Lakini nimeshika kalamu nusu saa nzima nikijiuliza, je, Athumani akilisoma neno hilo, atalikubali?

Naliandika hivyo hivyo.