Gauni la Vipimo vya Zamani

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
9 Februari 2025

Dada Fortunata,

Gauni alilozikwa nalo mama halikuwa la kuazima. Nililishona mimi. Hili sijamwambia mtu yeyote, na nimeliandika kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaishia hapo.

Sasa shikamoo. Wenzako hawajambo? Huko mlimani mvua bado? Najua mpaka mmalize unovisi, hayo mafunzo ya usista, hamruhusiwi simu, ndiyo maana naandika. Mimi mzima. Asubuhi nafungua kibaraza, nakaa kwenye cherehani ya mama. Chakula hakina ladha ila nakula.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa kumi, nikijiandaa na mtihani wa kidato cha nne, mama alinipa kile kitambaa cha bluu. "Nice, nishonee gauni la Krismasi. Nipime." Nikampima. Tepu ilizunguka kifua chake, nikaiona namba, sikuiandika. Unajua sheria yake: anayepimwa anaandikwa kwenye daftari palepale, hata akiwa yeye mwenyewe. Mimi nilifunua ukurasa wake wa mwaka juzi, kabla hajaugua, nikakata kwa vipimo vile. Niliona nikiandika vipya vitakuwa kweli.

Alifariki kabla hajalijaribu. Mama mdogo Ritha akalitoa kabatini, akaenda nalo mochwari. Ndilo uliloliona kwenye jeneza, mabega yameshuka, pini inang'aa shingoni. Ukamwambia mama mdogo mbele ya watu, "Dada yako alikuwa fundi, leo unamzika na nguo ya kuazima?" Akanyamaza. Nilikuwa nimesimama katikati yenu, nami nikanyamaza.

Sikulia siku ile wala baadaye. Si kwamba najizuia. Hakuna kitu.

Juzi pasi iliniunguza kiganja. Fundi Uledi, jirani yetu wa cherehani, ndiye aliyesikia harufu. "We Nice! Unajichoma mishikaki?" Ndipo nikatazama.

Nakuomba usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Nice

*

Nyumba ya Unovisi
2 Machi 2025

Mdogo wangu Nice,

Tumsifu Yesu Kristu. Marahaba. Sisi hatujambo, mvua tunaisubiri. Kiganja kinaendeleaje? Nenda zahanati, na usipake dawa ya meno.

Barua yako nimeisoma mara nne. Baada ya mazishi kule kijijini mama mdogo alipita hapa kuniaga kabla ya kurudi Dar. Nilituma mtu amwambie niko kwenye sala. Sikuwa kwenye sala.

Umeniomba nisiseme, sitasema. Lakini umenifunga, Nice. Nikimwomba msamaha ataniuliza nimejuaje, na kudanganya siwezi. Agosti natarajia kuweka nadhiri, na sitaki kuziweka kwa mdomo huu uliosema maneno yale. Mwambie wewe mwenyewe. Ukishamwambia, niandikie hata mstari mmoja.

Nimekukasirikia. Nakuombea pia.

Dada yako,
Fortunata

*

Kariakoo
27 Aprili 2025

Dada Fortunata,

Shikamoo. Pasaka ilikwendaje? Hapa tulishona magauni ya watoto mpaka Ijumaa Kuu. Sijamwambia. Nimefika Buguruni mara mbili, nikamwona mama mdogo kwenye ndizi zake, nikarudi.

Zahanati nilikwenda. Nesi alipobandua ngozi sikushtuka, akaniuliza, "Huumii?" Nikasema sijui. Akaniandikia karatasi ya kwenda hospitali, Upanga, kwa mshauri nasaha wa wenye majonzi. Anaitwa Dada Zulekha. Nakwenda kila Jumatano. Fundi Uledi ananilindia kazi, ingawa mdomo wake unaujua: "Nenda wakakurudishie uso. Huo ukiendelea kuuweka hapa tutawashonea nzi."

Siku ya kwanza nilikaa saa nzima nahesabu vigae vya sakafu. Hakunilazimisha kuongea. Ya pili akanipa kalamu za rangi. Nikamwambia sijui kuchora.

"Unajua nini?"

"Kukata."

Akanitafutia magazeti na mkasi. Tangu hapo nakata magauni ya karatasi, kama mama alivyonifundisha kabla hajaniamini na kitambaa. Kila nikimaliza moja ananiuliza, "Hili la nani?" Nasema la mteja. Anauliza mteja gani, nachukua gundi, tunalibandika ukutani.

Jumatano iliyopita niliomba rula. Nikakata kwa zile namba ambazo sikuziandika. Kumbe zote ninazo kichwani, dada. Kifua inchi ishirini na tisa. Kiuno ishirini na tatu. Mabega kumi na tatu. Nilipolibandika lilikuwa dogo kama la binti wa Kipaimara.

"Hili la nani?"

"La mama."

Nilimweleza yote. Nilikuwa najiona kama nasoma tangazo. Sikulia, nisikudanganye. Lakini nilipokunja mkono kushika mkasi, kiganja kiliuma. Nikamwambia kinauma. Akasema, "Tangu lini?" Nikasema tangu sasa hivi. Akaandika kwenye faili lake.

Nyumbani nilifungua daftari, nikaandika namba zile chini ya za mwaka juzi. Tarehe niliweka ileile ya Oktoba.

Mdogo wako,
Nice

*

Nyumba ya Unovisi
1 Juni 2025

Nice,

Tumsifu Yesu Kristu. Nashukuru kusikia kiganja kinauma. Sikudhani nitaliandika neno kama hilo.

Mama Mlezi wetu sisi wanovisi ameniuliza kama moyo wangu uko tayari kwa Agosti. Nimeomba muda wa kujibu. Amenipa mpaka katikati ya Julai.

Dada yako,
Fortunata

*

Kariakoo
29 Juni 2025

Dada Fortunata,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mapema, nimeipa basi la asubuhi. Baridi ya huko isikuumize kifua, vaa ile sweta ya mama.

Nimemwambia.

Nilikwenda jana, nimelikunja kwenye mfuko lile gauni la gazeti alilonibandulia Dada Zulekha. Mama mdogo alikuwa anakata ndizi kwenye mkungu. Nilitoa karatasi nikamwambia, "Hivi ndivyo vipimo vyake. Lile gauni la bluu nilishona mimi, nikakata kubwa." Hata kisu hakukiweka chini.

"Najua."

Nikadhani hakunisikia.

"Nice, mwanangu, pini saba nilizibana mimi, kwa mikono hii. Upindo wako si unakimbilia kushoto tangu uko darasa la sita? Mama yako alikuwa akiucheka. Nilipoligeuza tu nikajua."

"Mbona dada alipokusema ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Ni huyu? Mbele ya jeneza? Mimi mtu mzima, nikinuniwa nanenepa." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Sikiliza. Fortunata asijue kwamba ni wewe. Mmebaki wawili. Akasirike na mimi."

Hajui kwamba nilishakuandikia. Nilitaka kumwambia, nikaona namna alivyolikunja lile gauni la karatasi, akalitia ndani ya kanga yake kifuani. Sikusema.

Alininunulia ndizi ya kuchoma kwa jirani yake. Nilikula nimesimama. Ilikuwa na chumvi. Nilisikia chumvi, dada, nikaomba ya pili.

Sijapona. Dada Zulekha anasema tuendelee, na Jumatano nitakwenda. Machozi bado hayajaja, nimeacha kuyangoja.

Siri yangu ya Februari nakufungulia. Mwambie Mama Mlezi ukitaka, mwambie yeyote. Lakini mama mdogo anaamini ametulinda, na hana kingine alichobaki nacho cha kumfanyia dada yake. Kwa hiyo ukimwandikia, omba msamaha kwa yale maneno tu. Hatakuuliza umejuaje, ataogopa usije ukanitaja. Usimwonyeshe kwamba unajua gauni lilikuwa la nani.

Hilo, dada, nakuomba libaki kwako.

Mdogo wako,
Nice