Sikuitikia Chiriku Aondoke

Chumba cha nyuma, juu ya karakana,
Jumapili, mwanzoni mwa Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na usingizi unaupata? Mimi ni mzima, mgongo tu unalalamika kwa kubeba mbao za dari. Binti yangu Chiriku mpe pole ya mafua.

Barua yako imefika. Niliposoma nilikaa kitako. Unanishukuru kwa kukubali kwenye kikao kwamba kaka amchukue Chiriku akamlelee watoto wake. Shangazi, sikukubali.

Siku ile ya kikao niliketi mbele ya kompyuta, nimevaa shati aliloniazima Kinanda, mwenzangu wa chumbani. Kompyuta ni yetu sote wawili. Ina mifumo miwili. Ukiiwasha inakuuliza uingie upande wake au wangu. Mlipotokea kwenye kioo niliwaona wote, wewe umekaa nyuma karibu na mlango, mara sauti ikakatika. Sikuwasikia wala hamkunisikia. Nilipotikisa kichwa juu chini nilikuwa nawaambia tu kwamba nawaona.

Tangu hapo nimehangaika na mashine hii. Nilidhani ni waya, nikabadilisha. Nikadhani ni spika. Lakini upande wa Kinanda muziki unalia vizuri. Wangu, mtandao ukianza kazi tu, sauti inakufa. Nikafungua orodha ya vifaa pande zote mbili. Kila kifaa kina namba yake ya kuita ubongo wa mashine, kama kengele ya mlango. Kwake, kadi ya sauti na kadi ya mtandao zina kengele mbili. Kwangu zinagombea moja.

Nikafungua boksi. Kadi ya sauti ilikuwa imehamishwa nafasi, imekazwa kwa skrubu nyeusi za dari, zile zile za kazini kwetu. Chumba hiki tunaishi wawili tu.

Nilipomuuliza, Kinanda hakuzunguka. Alitaka nafasi ya kadi yake ya kurekodia muziki. Akajirekebishia upande wake, wangu akauacha makusudi, maana kila jioni nilikalia kiti nikiongea na nyumbani.

"Na siku ya kikao ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanipa na shati."

Akatazama chini, kisha akasema: "Sauti nilikunyima mimi, ndugu yangu. Lakini uliandika, na maandishi yalikwenda."

Ni kweli nilimwandikia kaka palepale kwenye kioo: sauti hakuna, msiamue lolote, mtoto abaki kwa Shangazi. Yeye ndiye aliyekaa mbele ya mashine yenu. Akanijibu, "Sawa." Nikalala kwa amani. Sasa barua yako inasema aliinama, akasoma, akawageukia akasema nimeitikia.

Kadi nimeirudisha mahali pake, sauti ipo. Kaka nikimpigia hapokei. Kinanda ni mtu baki, nitamhama mwisho wa mwezi na nitamsahau. Kaka tumenyonya titi moja. Huyo nitamhama vipi?

Umesema Chiriku anafungasha. Mfungulie begi, arudishe nguo zake kabatini. Kaka akija kumchukua, mpe barua hii aisome kwa sauti mbele ya wote. Ukiona anaruka mstari, mpe Chiriku aisome yeye.

Nisalimie mjomba fundi cherehani na mama mkubwa. Mungu akutunzie magoti hayo, na mlango wako usikose mtu wa kuufungua.

Mwanao akupendaye,
Baba Chiriku